Fleti Juu ya Chemchemi

Mellen Nyanchoka alipoolewa Koluoch, kilima kidogo nje ya mji wa Oyugis, hakuwa na Dholuo ya kutosha hata kuombea chumvi. Asubuhi yake ya kwanza mama mkwe alimpa debe akamwambia aende soko. Mellen akajitwika debe tupu, akashika njia mpaka mjini, akasimama kati ya wauza omena na wauza ndizi asijue ametumwa kununua nini. Kumbe kwa Dholuo soko ni chemchemi, na chemchemi yenyewe ilikuwa bondeni nyuma ya nyumba, karibu kiasi kwamba ukinyamaza unaisikia. Aliporudi jua limeshapanda na debe bado tupu, boma zima lilicheka mpaka mama mkwe akakaa chini.

Hawakumcheka kwa ubaya. Walimwita Nyar Kisii, binti wa Kisii, kama ilivyo desturi ya huko kumwita mke kwa jina la kwao, na jina likamkaa. Alizaa, akalea, akamzika mama mkwe, akazeeka. Mumewe, Nicholas, alikuwa seremala wa maneno machache aliyetengeneza vitanda na viti vya kanisa, na alimpenda kwa namna ya watu wanaorekebisha mlango kabla hujasema unakwama. Kufikia sasa Mellen alikuwa akiota kwa Dholuo. Chemchemi ile, aliyoikosa siku ya kwanza, ndiyo aliyokuwa akiisimamia. Wanawake wa kilima walimchagua kuongoza zamu za kuisafisha, kwa kuwa maji ya mfereji ya mjini huja yanapotaka yenyewe.

Shamba lililo juu ya chemchemi lilikuwa la kaka yake Nicholas. Kaka huyo alipofariki, na mkewe akamfuata, shamba lilibaki kwa mtoto wao, Levi, na Levi mwenyewe akabaki kwa Mellen. Alimlea pamoja na wanawe bila kutenga sahani. Levi alikua, akaenda Migori, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, akaoa huko. Shamba lake likawa nyasi za ng'ombe wa kila mtu.

Jumapili moja Mellen alitoka kanisani akakuta kibao kimesimikwa kwenye nyasi zile. Kilisema kwamba hapo panakusudiwa kujengwa majengo manne ya fleti za kupangisha, na kwamba mwenye pingamizi alipeleke kwenye ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti. Alikisoma, akakisoma tena, kisha akampigia Levi simu hapohapo, Biblia ikiwa kwapani.

Levi hakukana. Alisema ameuza, isipokuwa kipande chenye makaburi ya wazazi wake, ambacho amekizungushia ua. Alisema watoto wake wanasoma, na ardhi isiyolimwa haimlishi mtu. Mellen alimwambia ardhi ni yake na hana neno juu ya hilo, ila alitaka kujua kwa nini ameisoma habari ile kwenye kibao kama mpita njia.

"Mama," Levi akasema, "ningekuambia ungelia. Na ukilia, ningeshindwa."

Mellen hakulia. Alikata simu, akashuka kwenda kusonga ugali.

Wiki hiyo watu wa Koluoch walikutana nyumbani kwa Mwalimu Cephas kupanga watakayoieleza kamati ya kaunti itakayosikiliza pingamizi. Cephas alikuwa binamu yake Nicholas, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa, mtu ambaye hata akiomba maji ya kunywa husikika kama anafungua mkutano. Kila mmoja alitoa lake. Magari ya mchanga yataharibu barabara. Madirisha ya ghorofani yatachungulia mabafu ya watu. Phanice, mke wa Cephas, aliuliza mvua itakayoanguka juu ya mabati yote yale itapita wapi kama si kwenye mashamba yao. Mellen alisema la maji. Fleti nyingi ni vyoo vingi, na vyoo vikiwa juu ya chemchemi, wao walio chini watakunywa nini? Watu wakaitikia kwa vichwa. Hilo lilikuwa na uzito.

Ndipo mzee mmoja aliyekaa mlangoni akasema kwamba maji ni sawa, lakini mbona hakuna anayeuliza ni nani watakaolala humo. Kodi kule Kisii imepanda, akasema, na aliyenunua ni mtu wa huko, anaitwa Maranga. Atawajaza watu wake.

Cephas akainua mkono. "Hilo tusilitaje mbele ya kamati," akasema. "Maji yanatutosha."

Alisema tusilitaje. Hakusema si kweli. Mellen aliangalia chai yake, na Phanice, aliyekuwa amekaa karibu naye, akamgusa goti na kumnong'oneza kwamba wao hawamhesabu yeye huko, yeye ni mmoja wao. Ilikuwa kauli ya upendo, na Phanice aliisema kwa moyo wake wote. Lakini njiani kurudi nyumbani Mellen alijikuta akiitafuna. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia Phanice kwamba yeye ni mmoja wao.

Kabla ya kikao, ofisa wa mipango alikuja kuona mahali penyewe. Alikuwa mwanamke kijana aitwaye Beverly, mwenye viatu vya shambani na kofia ya jua, na alikuja pamoja na Maranga. Nusu ya kilima ilijitokeza. Mellen alikuwa amemtarajia tajiri mwenye tumbo na simu mbili. Frankline Maranga alikuwa mwembamba, suruali yake ina saruji magotini, fundi aliyekuwa mjenzi wa wengine kabla ya kujijengea. Alipofika chemchemini aliinama, akakinga maji kwa viganja, akanywa. Kisha akanyoosha mgongo, akamwona Mellen, na haijulikani ni nani aliyekuwa amemwambia kwao ni Kisii, akamwamkia kwa Ekegusii, lugha ya huko, kwa heshima ya mtu anayesalimia rika la mama yake.

"Bwakire, omong'ina."

Watu wote walikuwa wakitazama. Mellen alifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili. "Salama," akasema, kwa ukavu wa mtu anayejibu karani.

Maranga alielewa. Hakurudia. Aliendelea kwa Kiswahili kumweleza Beverly kwamba wauguzi wa hospitali ya mjini na walimu wanalala mbali kwa kukosa nyumba, na kwamba ataweka matanki ya maji machafu nyuma ya majengo. Beverly aliangalia mteremko, akauliza kama nyuma ya majengo si ndiko huku chemchemini. Maranga akakiri ndiyo, kwa sababu udongo wa huku ni laini, na ng'ambo ya mgongo wa kilima kuna mwamba. Kupasua mwamba ni gharama. Beverly akamwambia hayo ayaeleze mbele ya kamati.

Siku hiyo Mellen alipika bila kuonja. Mama yake, aliyelala kwenye udongo wa Kisii, alimfundisha kwamba salamu haiachwi ianguke chini hata ikitoka kwa adui. Na yeye ameiangusha, tena mbele ya watu, kwa kuogopa macho.

Kikao kilifanyika katika ukumbi ulio karibu na soko la Oyugis, na viti havikutosha. Wanakamati walikaa mbele kwenye meza ndefu. Mwenyekiti wao, Bi Phelesia, alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wanyamaze ili wamsikie. Alieleza utaratibu. Mwenye mradi ataeleza mradi, wakazi watasema, ofisa atatoa maoni yake, na kamati itaamua baadaye.

Wakazi walikuwa wamemtanguliza Mellen. Alisimama akiwa na kitambaa chake cha kanisa kichwani, akaeleza chemchemi inavyotoka chini ya jiwe, jinsi ukame ulipokausha mito mingine watu walivyofika na punda kutoka mbali kuyateka maji yale, jinsi mvua kubwa inavyosomba kila kitu kutoka juu. Hakupaza sauti. Bi Phelesia alimsikiliza akiwa ameegemeza kidevu mkononi, kisha akasema kwamba kisiwani kwao ziwa lote limewazunguka na bado watoto waliugua kwa maji, kwa hiyo anaelewa. Akamgeukia Maranga akamwuliza kama anaweza kupeleka uchafu wake ng'ambo ya kilima, mwamba au si mwamba.

Maranga aliinamiana na mhandisi wake wakanong'ona. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza dawa. Alisema anaweza. Lakini kwa gharama hiyo hataweza majengo manne, atajenga matatu, na ataijengea chemchemi ua pamoja na mtaro wa kuepusha maji ya mvua.

Minong'ono ilipita ukumbini. Mellen alikaa. Walikuwa wamepata walichoomba. Aliangalia huku na huku atafute uso wa kufurahi naye, akaona nyuso zimenuna. Hapo ndipo alipotambua kwamba wengi wao hawakuwa wamekuja kutafuta maji. Walikuja kutafuta hapana.

Cephas alisimama. Alifunga kifungo cha koti, akashukuru kiti, akashukuru serikali ya kaunti, kisha akasema maji ni jambo moja tu. Koluoch ni boma la watu wanaojuana, akasema. Kila mtu hapo anajulikana amezaliwa na nani na baba yake amezikwa wapi. Sasa wanaletewa watu wasiojulikana makaburi yao. Leo watakuwa wapangaji, kesho watakuwa wapiga kura, na kesho kutwa wenyeji ndio watakaoomba njia ya kupita. Kila mtu ana kwao, na ni vizuri kila mtu akae kwao.

Makofi yalilipuka. Mellen aliiona mikono ikipiga, mikono anayoijua, mingine ya wanawake waliokuwa naye kwenye zamu ya chemchemi mwezi ule ule. Phanice hakupiga makofi, ila aliangalia sakafu.

Mellen akasimama. Bi Phelesia alimkumbusha kwamba ameshazungumza. Mellen akasema anajua, na kwamba hataongeza neno juu ya maji.

"Mwalimu ni shemeji yangu," akasema, "na nimekula kwake. Lakini amesema watu ambao makaburi yao hayajulikani. Baba yangu amezikwa Kisii, na mama yangu. Mimi ndiye mtu wa kwanza wa huko kulala Koluoch. Wanasema mgeni umpe jembe siku ya tatu. Mimi mlinipa siku ya kwanza, na sijaliweka chini mpaka leo." Watu wachache walicheka. "Hizo fleti sizitaki. Mniandike hivyo. Sizitaki kwa sababu ya maji, na kwa sababu ya barabara, na kwa sababu nimeuzoea mlima ule ukiwa nyasi. Lakini kama mnazikataa kwa sababu watakaolala humo wanazungumza kama mama yangu, basi mimi sikuwatangulia kwa hilo. Jina langu mlitoe."

Alikaa. Cephas alichukua kofia yake akatoka, na watu kadhaa wakamfuata. Kutoka nyuma kabisa ya ukumbi Nicholas alikuja taratibu, akitafuta pa kukanyaga kati ya magoti ya watu, akakaa kwenye kiti kilichoachwa wazi kando ya mkewe. Aliuweka mkono wake wenye vumbi la mbao juu ya mkono wa Mellen, na ukabaki hapo.

Nje, baada ya kikao, Maranga alimfuata kumshukuru. Mellen alimjibu kwa Ekegusii, na lugha ikamtoka nzito, kama mlango wa ghala lisilofunguliwa mara kwa mara. Alimwambia asimshukuru, kwa kuwa hakuwa amemtetea yeye. Alimwambia pia kwamba ahadi aliyoitoa mle ndani imesikiwa na watu wengi.

Kamati ilikubali mradi kwa masharti yale: majengo matatu, matanki ng'ambo ya kilima, mtaro, ua wa chemchemi, na njia ya wanawake isifungwe. Habari ilipofika Koluoch hakuna aliyesema kamati imekubali. Walisema Nyar Kisii amewapa watu wake kilima. Jina lilikuwa lile lile la miaka yote, lakini sasa lilitamkwa kwa kuvutwa mwishoni. Wanawake walianza kwenda chemchemini saa ambazo yeye hayupo. Phanice alirudisha ungo aliokuwa ameazima kwa kuutundika kwenye ua, bila kubisha hodi.

Mellen alimwuliza Nicholas kama ameharibu. Nicholas alikuwa akipiga randa mguu wa meza. Aliendelea mpaka mwisho wa ubao, kisha akasema, "Walikuja kushinda. Wewe ukasema ukweli. Watu hukasirika hivyo."

Haikumfariji sana. Kilichomsumbua ni kwamba hakuna aliyemwamini aliposema hazitaki fleti zile. Upande mmoja walimwona msaliti, na Maranga, kwa tabasamu lake kila alipopita, alimwona ndugu. Hakuwa msaliti wala ndugu. Alikuwa mwanamke aliyetaka mlima wake, na ambaye hakuwa tayari kuupata kwa bei ile. Jambo dogo kama hilo, akawaza akichambua mboga, linawezaje kuwa gumu kueleza?

Ujenzi ulianza baada ya mavuno. Mashine zilipanda, nyasi zikageuka udongo mwekundu. Asubuhi moja Mellen alikuwa akifagia aliposikia mtambo unanguruma mahali pasipostahili. Alisikiliza vizuri. Sauti ilitoka huku, upande wa bonde. Alitupa ufagio akapanda.

Mtambo ulikuwa umeshachimba shimo pana, hatua chache juu ya chemchemi. Msimamizi wa kazi, kijana mwenye kofia ya njano, alimwita mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana, na kumwomba asikaribie. Alieleza bila haya kwamba kule ng'ambo mwamba umevunja meno ya mashine. "Hapa ni pa muda tu," akasema. "Tutahamisha baadaye." Bosi yuko Kisii, na yeye amepewa kazi ya kumaliza.

Mellen alimpigia Beverly. Simu iliita mpaka ikakatika. Alimtumia ujumbe, akaandika vibaya, akafuta, akaandika tena. Mtambo uliendelea kula udongo. Nicholas alikuwa ameenda Rongo kununua mbao. Mellen alisimama pale akijiuliza ni mlango gani sasa unaweza kumfungukia, na miguu yake ikaanza kwenda kabla hajakubali inakoelekea.

Cephas alikuwa uani akimlisha ndama. Alimwona Mellen akiingia, uso wake ukajifunga. Mellen hakusalimia wala hakukaribia.

"Mwalimu," akasema, "wanachimba upande wa maji."

Cephas aliweka chini majani. Akaingia ndani, akatoka na kofia na fimbo yake, akatangulia.

Mellen alidhani atahutubia. Lakini Cephas alipofika hakumtazama hata yule msimamizi. Alienda ukingoni mwa shimo, akakaa kitako kama mtoto, akateleza mpaka chini akiwa na viatu vyake vya kanisani, akasimama katikati mbele ya ndoo ya mtambo. Dereva alizima injini kwa mshtuko. Msimamizi alianza kumsihi, mara mzee, mara mwalimu, mara baba. Cephas alisema atatoka ofisa akifika. Mellen aliikusanya sketi yake akashuka pia, maana mtu mmoja humo angeweza kuinuliwa na vijana wawili, lakini mzee pamoja na bibi kizee ni kazi nyingine.

Wakakaa. Udongo ulikuwa baridi na ulinuka mvua ya zamani. Juu yao wafanyakazi walisimama kidogo, wakachoka, wakaenda kunywa uji. Jua lilipanda mpaka likawafikia shimoni. Kwa muda mrefu Cephas alikuwa akichora chora udongo kwa ncha ya fimbo.

"Shemeji," akasema mwishowe, "siku ile sikukuona pale. Nilikuwa naangalia kamati."

"Ndilo lililoniuma," Mellen akasema. "Ungeniona ukasema hivyo, ningejua una hasira nami. Lakini hukuniona kabisa."

Cephas alisema kwamba alipokuwa mtoto, yeye na mama yake walifukuzwa mahali usiku mmoja, na hakumtaja aliyewafukuza wala mahali penyewe. Alisema tangu hapo akiona watu wapya wengi wanahamia kwa pamoja huanza kutafuta njia ya kutokea. Hakutoa hilo kama udhuru. Alilisema tu, kama mtu anayeonyesha kovu alipoulizwa kwa nini anachechemea.

"Na bado siwataki," akaongeza. "Nisikudanganye."

"Najua. Mimi pia sizitaki. Ila si kwa sababu kama yako."

Cephas alitoa mlio mdogo puani, uliokuwa karibu na kicheko. Baadaye alimwuliza kama amekula. Mellen akasema hapana. Cephas alikuwa na karanga mfukoni, akamkabidhi zote.

Phanice ndiye aliyewakuta, akiwa ameambiwa mumewe amezikwa akiwa hai. Aliangalia shimoni, akawaona wamekaa wakimenya karanga, akaketi ukingoni. Wanawake wengine wakaja mmoja mmoja. Hakuna aliyemwomba Mellen radhi. Mmoja alimteremshia maji ya kunywa, mwingine akamtupia kanga ajikinge jua. Beverly alipofika mchana, pikipiki ikiwa imemchafua mpaka nyusi, alikuta ukingo wote umezungukwa na watu.

Alitazama shimo, akatazama chemchemi chini yake, akasimamisha kazi yote papo hapo, si ya tanki peke yake. Maranga alikuja jioni akimfokea msimamizi wake kwa sauti kubwa. Mellen alimsikiliza na kumpima. Huenda hakujua. Huenda alijua, na akatumaini hakuna atakayepanda kilima kuangalia. Hakupata jibu, na akaona halihitaji. Alichohitaji ni shimo lifukiwe mbele ya macho yake, na lilifukiwa, yeye na Cephas wakiwa wamesimama pale mpaka udongo wa mwisho ukashindiliwa. Mwamba wa ng'ambo ulipasuliwa baadaye, kwa majuma ya kelele.

Majengo mawili yalikamilika. La tatu lilibaki nguzo na vyuma vinavyotazama mbinguni, na watu husema Maranga aliishiwa. Wapangaji walikuja. Kuna muuguzi wa zamu za usiku, kuna walimu wawili mtu na mkewe, kuna muuza vipuri vya pikipiki. Wengine ni wa Kisii, wengine wa Rachuonyo hapohapo, mmoja ni Mkuria kutoka karibu na mpaka, na mzee yule wa mlangoni bado anawahesabu kila Jumapili. Phanice huwauzia maziwa. Cephas huwaamkia kwa kuinua kofia, bila kusimama. Levi alikuja Krismasi na familia yake, akakaa sana kwenye ua wa makaburi ya wazazi wake, na jioni alimletea Mellen paketi ya sukari na kuiweka mezani, akabaki amesimama. Mellen alimwambia akae, chai iko motoni.

Chemchemi inatoka safi. Mwaka huu imetoka kidogo kuliko zamani, na wapo wanaosema ni fleti, na wapo wanaosema ni jua, na Beverly alipoulizwa alisema itabidi wasubiri waone.

Kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitaja kwenye kikao, hata Mellen mwenyewe, ni kivuli. Jengo la pili linaziba jua la asubuhi, na uwanja wake wa kuanikia mahindi unabaki baridi mpaka karibu adhuhuri. Alijaribu kuvumilia, mahindi yakaota ukungu. Basi akalikunja turubai, akalihamishia mbele ya nyumba, kando ya barabara, ambako vumbi ni jingi lakini jua lipo. Nicholas alimtengenezea kigoda kipya cha kukalia huko. Sasa hukaa pale asubuhi akigeuza mahindi kwa mguu, na kila apitaye, wa chini au wa ghorofani, hulazimika kumwamkia.

Huwajibu wote. Wengine humchelewesha kazi.